Hara Iliyotiwa Kabatini

Siku mliyoniaga mliniletea keki yenye picha ya ngome ya Nizwa, nikahesabu minara ikawa minne. Nikahesabu tena, nikisema labda ni macho. Minne. Ngome ile mnapita mbele yake kila siku mkienda kununua mkate. Ina mnara mmoja wa duara, mnene kama uliotiwa hamira, na hakuna mtoto wa Nizwa asiyeujua. Karakana nzima ya watengeneza mujassamu imeizunguka keki ile, inapiga picha, na hapana hata mmoja aliyefungua mdomo isipokuwa kwa kula. Nami nilinyamaza kwa sababu mudir, mkuu wetu, alikuwa akihutubia. Sasa nimestaafu, kunyamaza kumekwisha.

Mmetaka niwaandikie miaka yangu ya kazi ili anayekuja nyuma ajifunze. Haya. Vyeo na mishahara naviacha. Aliyetaka kuvijua angeniuliza wakati bado nina cha kumkopesha. Na kwa mgeni atakayeiokota karatasi hii: Nizwa ni mji wa Oman, na mujassamu ni mfano wa kitu kikubwa uliofanywa mdogo. Sisi tulitengeneza ngome, misikiti, mashamba na hara nzima, yaani mitaa ya kale ya nyumba za udongo, kwa udogo wa kuwekeka juu ya meza ya maonyesho.

Nilianza nikiwa msichana. Watu wangu walirudi kutoka Unguja wakakaa Ibra, na Kiarabu changu siku zile kilikuwa kikichekwa sokoni, kwa hiyo nilijifunza kupatana kwa vidole na kwa nyusi. Mpaka leo wako wauzaji Nizwa ambao nikinyanyua unyusi mmoja hushusha bei kabla sijasalimia. Siku ya kwanza nilikwenda kazini na cheti changu ndani ya bahasha, nimekishika kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala, kina joto la tanuri. Fundi mkuu alikuwa Mzee Hilal, Mwomani aliyezaliwa Bujumbura, mrefu, mkavu, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea.

"Umekuja na nini, binti?"

"Na cheti."

"Kinakata?"

"Hakikati."

"Kinagandisha?"

Nikaishusha bahasha.

"Kesho njoo na chujio la chai lililotoboka. Hicho kiache nyumbani, kisije kikapata gundi."

Nilidhani ananitania. Nyumbani hatukuwa na chujio lililotoboka, tulikuwa na zima, nikaliiba hilo hilo. Mzee Hilal akalipindua, akalikata wavu wake kwa mkasi wa kucha, akaubandika nyuma ya kitundu katika ukuta wa boksi. Nikaona dirisha la nyumba ya Ibra, na vyuma vyake, kama lile nililokuwa nikichungulia utotoni.

"Mama yako atalitafuta?" akaniuliza.

"Keshaanza."

"Nyinyi watu wa visiwani," akasema, "maneno matamu, mikono mizito. Lakini wewe una wizi mzuri. Utaweza kazi."

Sheria yake ilikuwa moja: kabla hujakwenda dukani, izunguke nyumba yako mara mbili. Mara ya kwanza utaona vyombo. Mara ya pili utaona vitu vilivyomo ndani ya vyombo. Kibanio cha nguo, ukikitoa springi yake, ni mbao mbili zilizokwisha chongwa. Zilaze pamoja upate mlango, zigeuze upate boriti ya dari. Kabla hujakitoa springi, ni mkono wa tatu wa kushikilia gundi ikauke. Makonyo ya karafuu, ambayo mama zetu walikuwa wakiletewa na jamaa kutoka Pemba, ni mashina ya miti midogo. Usiyachonge, Mungu keshachonga. Dodoki likikatwa vipande na kuchambuliwa ni kichwa cha mtende. Ganda la yai, ukilipondaponda juu ya gundi, ni ukuta wa chokaa uliopasuka kwa jua. Masalio ya kahawa yaliyoanikwa ni udongo wa shamba. Kifimbo cha kusukumia chapati hulaza karatasi bila kuacha kovu. Na koni ya hina, ile ile mnayochorewa mikono siku ya Idi, ukiijaza plasta laini badala ya hina, itakuchorea nakshi za mlango ambazo patasi haiwezi. Shangazi yangu mmoja, mchoraji wa maharusi, alinifundisha kuibana: usiisukume kwa kidole gumba, isukume kwa pumzi. Wapo waliosomea kazi hii miaka minne nje ya nchi wakarudi hawajui kuibana koni. Siwalaumu. Namlaumu aliyewaambia kwamba cha shangazi si elimu.

Adui yetu wa kwanza alikuwa ghala. Kila kitu kilichoingia karakana kilitakiwa kiandikwe, na mwenye ghala alikuwa mtu wa kufuata. Nikampelekea dodoki.

"Hili la kuogea," akasema.

"Sisi tunalifanya mtende."

"Likishakuwa mtende, lilete niliandike."

Nikalifanya mtende, nikamrudishia. Akaugeuzageuza kwenye kiganja.

"Mitende ni ya watu wa kilimo."

Wallahi sisemi uongo. Tangu siku ile mpaka nastaafu, hakuna suji, yai, kibanio wala konyo lililowahi kuandikwa katika ghala lile. Vyote vilitoka jikoni kwangu na jikoni kwa Mzee Hilal, na mimi nikivinunua kwa kupatana kama mtu anayelisha jeshi. Muuza madodoki wa sokoni aliwahi kumuuliza mume wangu, kwa upole kabisa, kama nyumbani kuna mgonjwa wa ngozi.

Na msidhani nalisifu jiko bila hesabu. Tulipata aibu zetu. Tuliwahi kupeleka ngome Sur, kuta zake tumezijaza adesi badala ya mawe, adesi nzuri, moja moja, imebandikwa kwa gundi ya unga. Mzee Hilal aliipenda kuliko watoto wake. Ikakaa siku chache katika hewa ya bahari, na asubuhi tulipofunua kitambaa tukakuta mstari wa sisimizi umeingia kwa lango kuu na mwingine unatoka kwa lango la nyuma, kila askari na adesi yake kichwani. Upande wa mashariki umekwisha.

"Ngome imetekwa," nikasema.

"Haikutekwa," akasema Mzee Hilal. "Imeliwa. Ingetekwa ningeona fahari."

Akavua miwani akaifuta, akaivaa, akatazama tena, kisha akaniamuru niandike: chakula hakiingii katika ukuta mpaka kipikwe kwa chumvi au kizamishwe katika gundi ya mbao, na gundi ya unga haipikwi bila karafuu za kusaga na shabu kidogo. Suji yangu yote ya kuta, ile ngano ya chengachenga, tangu hapo niliikaanga kavu mpaka ikabadilika rangi, kisha nikaizika katika gundi nyeupe. Miaka imepita na hajaonekana mdudu. Mzee Hilal, Mungu amrehemu, alikufa akiwa bado hawapendi watu wa Sur, ambao hawakuwa na kosa lolote.

Baada yake ikaja mashine ya kuchapia, ile inayochapa vitu vizima vya plastiki badala ya karatasi. Sina ugomvi nayo. Ina subira kuliko mimi, na minara ya duara inaiweza. Ugomvi wangu ni na watu walioanza kunambia, "Bi Raya, hizi takataka tuziondoe mezani." Takataka! Vibanio vyangu, nilivyokuwa nimevipanga kwa urefu. Mashine ilikuwa inatoa nyumba ishirini kwa siku, zote nyororo, zote za rangi ya jino, na mtu anasimama pembeni ameshika kikombe, anaiangalia kama anayeangalia samaki. Nikamuuliza mmoja, "Ukuta huu wa udongo au wa chokaa?" Akanijibu, "Tutaupaka rangi." Niliweka jibu lile akiba.

Likaja kuhitajika mapema. Chama cha watu wasioona kilituandikia kutaka mujassamu wa hara ya kale, wa kushikwa. Wanafunzi wao walikuwa wakisikia habari za hara kwa wazee na hawajui ni kitu gani. Picha haiwasaidii, na zile hara zenyewe zimebaki magofu, huwezi kumpitisha mtoto asiyeona chini ya dari inayoning'inia. Mudir wetu, Mundhir, alikubali siku ile ile, na kwa hilo nampa haki yake. Mundhir ni kijana mwenye adabu, mama yake wa Pemba, huniita khalti kama dada ya mama yake, na tukigombana hugombana kwa Kiswahili ili ofisi isisikie. Chama kikatuletea mtu wa kutujaribia kazi: Bi Zuwena, anakaa Samail, amewafundisha watoto wasioona kufuma kwa umri wake wote.

Bi Zuwena alizaliwa Unguja, macho yalikwenda akiwa mdogo, akaletwa Ibra mtoto asiyeona katika hara asiyoijua. Aliijifunza kwa kiganja. Nyumba yao ilianguka kwa mvua zamani, na ukoo wakahama. Hara hiyo ya Ibra ndiyo tuliyoichagua kuifanya.

Nilimpa ukuta wa kwanza uliotoka kwenye mashine, umepakwa rangi nzuri ya udongo.

"Shikamoo Bi Zuwena. Huu hapa."

"Marahaba. Huu nini?"

"Ukuta."

"Ukuta gani, mwanangu? Hii sahani." Akaupitisha vidole tena. "Sahani ya plastiki, ya harusini."

Yule kijana wa kikombe akasema kwamba rangi ni ile ile hasa ya Ibra, wameipima. Bi Zuwena akageuka upande wa sauti. "Rangi mpe mama yako, baba. Mie nipe ukuta."

Basi nikarudi jikoni. Nikamletea suji juu ya gundi, akakunja uso: laini mno, huu ni msikiti. Nikachanganya na masalio ya kahawa na makapi ya majani ya chai, akaupapasa, akaweka shavu lake juu yake. "Huu wa nje. Unaniparuza kama ule." Ganda la yai likawa ukuta wa ndani. Katani ya gunia ikawa paa. Kwa falaji, ule mfereji wa maji unaopita katikati ya hara, tulihangaika sana. Karatasi ya fedha aliikataa, plastiki aliikataa, mpaka nikavunja kijioo cha poda changu, nikakikata vipande vyembamba, nikavisugua kingo kwa msasa. Alipokigusa tu aliondoa kidole, kama mtu aliyelowa. "Ya baridi," akasema. "Haya ndiyo maji."

Vipimo navyo tulivigombania. Wahandisi walitaka sikka, zile njia nyembamba za kati ya nyumba, ziwe kwa kipimo cha ramani, upana wa ukucha. Nikawaambia mpita njia wetu si mtu mfupi, ni kidole, na kidole kinataka kupita bila kukwaruzwa bega. Tukazipanua zikawa za kidole kimoja na nusu. Na Bi Zuwena akataka kishubaka. Kwenye kona moja ya sikka yao kulikuwa na kishimo ukutani cha kuwekea taa, kimo cha kiganja cha mtoto. Akikigusa anajua ageuke kushoto, avuke falaji penye mitende mitatu, na mlango wa tatu ni kwao. Nikamchimbia. Milango niliihesabu mara mbili, na siku ya pili yake nikaihesabu tena.

Alijaribu vipande vyote, kimoja kimoja. Hara ilipoanza kuunganishwa akakataa kuigusa.

"Usinionjeshe tena," akanambia. "Ikiwa tayari niite na watoto wangu. Nitaingia langoni kama watu, nitembee mpaka kwetu."

Sasa sikilizeni. Asubuhi ya ufunguzi niliingia ukumbini nimevaa vizuri, nimejifukiza, nikaikuta hara yangu imetiwa ndani ya boksi la kioo. Kioo kinene, kimekuja kutoka Maskati kwa gari maalumu, kimekazwa kwa skrubu pande zote. Upande mmoja kina kijimlango chenye ufunguo, cha kupitishia mkono wa mtu wa kufuta vumbi. Nasema tena: mkono wenye kitambaa umefanyiwa mlango.

Mundhir alikuwa amesimama pembeni uso unang'aa.

"Khalti, umeona? Tumekuheshimu."

"Mundhir, hii ya kushikwa."

"Najua, khalti. Lakini imetoka nzuri kupita kiasi. Mgeni rasmi anakuja, waandishi wanakuja. Itaharibika."

Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi. Ubaya ungekuwa rahisi. Alikuwa amependa, na sisi tukipenda kitu tunakifungia.

Mgeni rasmi akaja, akasifu, akaondoka. Ubani bado unafuka ndipo Bi Zuwena akaingia na wanafunzi wake saba, wameshikana mabega. Hakuna aliyemwambia. Wala mimi. Akanyoosha mikono miwili mbele, akikwenda langoni kama alivyoahidi, na viganja vyake vikapiga kioo.

"Raya. Hiki nini?"

"Kioo, Bi Zuwena."

"Mbele ya hara?"

"Mbele, na juu, na kila upande."

Akakipapasa taratibu mpaka kona, akaendelea mpaka kona ya pili, akazunguka mpaka akarudi pale alipoanzia. Akacheka kidogo, si kicheko cha furaha.

"Nimelijua. Kabati la vyombo la mama. Vikombe vyote vizuri vimo ndani, na chai tukinywea vya bati." Akajifuta viganja kwenye buibui. "Watoto, turudi. Tumeonyeshwa kabati."

Ile njia ya Nizwa mpaka Samail, mtu mzima na watoto saba, kwa ajili ya kupapasa kioo. Nilipofika nyumbani nililifungua kabati langu mwenyewe nikatoa vikombe vyote vya wageni nikavipanga mezani, mume wangu akaniuliza nani amekufa.

Wiki nzima nilikwenda ofisini kwa Mundhir. Akaniahidi: wakishapita waandishi. Kisha: ikishakaa kamati. Kisha akanipa suluhu aliyoiona tamu, kwamba mashine itachapa hara ndogo ya plastiki, iwekwe pembeni, hiyo wasioona waishike wapendavyo. Aliyasema haya akinimiminia kahawa. Nikaitikisa finjani kumwonyesha sitaki tena, na nikaenda zangu kufikiri. Mtu akikupa kitu kibovu kwa adabu, usimkaripie. Mtake kikubwa zaidi.

Asubuhi ya pili nilimpigia simu Bi Zuwena, nikamwambia aje na watoto, kabati linafunguliwa. Halikuwa linafunguliwa. Najua kwamba mwenye akili haiti gari la kubebea mbuzi kabla hajapatana na mwenye mbuzi, lakini nilikuwa na hasira. Nikachukua sinia kubwa tupu la pilau na kisu cha siagi, nikaingia ukumbini, nikamtuma mlinzi amwite mudir.

"Khalti, vipi tena? Sinia la nini?"

"Nimekuja kuchukua vyangu."

"Vyako vipi?"

"Jiko langu. Nifungulie hicho kijimlango cha vumbi."

"Lakini hii mali ya serikali."

"Mali ya serikali ni iliyoandikwa ghalani. Kaulize kama kuna suji iliyoandikwa. Kaulize dodoki. Kaulize maganda ya mayai, kijioo cha poda, makonyo. Kilichoandikwa hapa ni ubao wa chini na kioo chenu. Ubao nakuachieni. Kioo nakuachieni, mkione vizuri."

Akacheka, akadhani natania. Akatoa ufunguo, akanifungulia kijimlango kwa heshima zote kama anayemfungulia bibi mlango wa gari.

"Chukua, khalti."

Nikapitisha mkono. Mti wa karibu ulikuwa mtende wa penye falaji. Nikautia kisu chini, nikaung'oa, nikauweka kwenye sinia. Ulilia kidogo ulipogusa bati. Mundhir akaacha kucheka.

"Khalti!"

"Nitafika msikitini adhuhuri. Nyumba nazichukua mchana."

"Subiri. Mara moja kwa mwezi. Tutafungua mara moja kwa mwezi, Alhamisi."

Nikang'oa wa pili.

"Kila Alhamisi!"

"Vipofu wana macho siku ya Jumapili?" Na mkono wangu ukarudi ndani.

"Basi kila asubuhi. Kila asubuhi tunakiondoa kioo, jioni tunakirudisha. Hapo je? Hapo nimekupa yote, khalti, hapo sina tena."

Nilisita, nakiri, ilikuwa bei nzuri. Lakini nilikihesabu kile kioo kikipanda na kushuka, asubuhi na jioni, mpaka kije kivunjike, na wakivunja watasema wamekivunja vipofu. Nikang'oa wa tatu.

Mundhir akakaa chini kwenye kiti cha mlinzi. Akaitazama hara kwa muda, na nikaona kwamba anakitazama kile kipande kitupu penye falaji, mahali palipokuwa na kivuli.

"Umeitengeneza miezi mingapi?" akauliza.

"Mingi."

"Na ungeibomoa yote?"

"Mundhir, kama haishikwi, sijaitengeneza bado."

"Khalas," akasema. "Kiondoke."

Walinzi walikuwa kwenye skrubu ya mwisho basi la Samail liliposimama nje. Kioo kikaegemezwa ukutani, na huko kiko mpaka leo, kimeandikwa ghalani, kinafutwa vumbi. Bi Zuwena akaingia, mikono mbele, polepole safari hii, kama mtu aliyekwishaumwa na mlango. Viganja vikashuka, vikashuka, vikagusa lango.

Akaweka kidole cha shahada cha mkono wa kulia ndani ya sikka, cha kushoto ukutani, akaanza kutembea. Alipofika konani kidole kikaingia kwenye kishubaka, kikakaa humo kidogo. Akageuka kushoto. Akagusa falaji, akauvuta mdomo wake kwa ile baridi. Halafu akasimama.

"Hapa pana mitende mitatu."

Akapapasa tena.

"Nagusa visiki. Tena gundi ina miba bado, imekatwa leo." Akainua uso. "Nani kakata mitende ya watu?"

Mundhir akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Mundhir.

"Tumekata sote wawili," nikasema. "Mmoja kwa kisu, mmoja kwa ukaidi."

"Basi mpande nyote wawili. Mie sivuki penye visiki."

Nikaagiza gundi nyeupe kutoka karakana. Wale mnaotaka kujua kwa nini si ile gundi kali ya dakika moja: huganda na ncha, na ncha itamchoma mtu kidole. Gundi nyeupe ni salama lakini haina haraka, na mtende mwembamba juu ya ubao hauwezi kubanwa kwa kibanio. Lazima mtu aushike, wima, asipumue sana, mpaka ushike wenyewe. Mitende mitatu, mikono yangu miwili. Nikampa Mundhir wa tatu. Mudir mzima, kanzu nyeupe, kilemba cha kazini, akapiga magoti upande wa pili wa meza akaushika kwa vidole viwili.

"Mpaka lini, khalti?"

"Mpaka nikwambie."

Bi Zuwena akapita katikati ya mikono yetu. Mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akauweka ukucha juu ya nakshi, akazifuata zote mpaka chini kizingitini. Alikaa pale muda ambao mimi sikuupima, na si kawaida yangu.

"Kwetu," akasema. Kisha akajikohoza, sauti ikarudi ya mwalimu. "Njooni, watoto. Mmoja mmoja. Kiganja cha kushoto ukutani, msikimbie, hara haina mbio."

Wakaja. Walibishana langoni, wakasifu msikiti, mmoja akaonja ukuta, nikamwambia ni mchungu kwa kahawa. Mitende yangu miwili ilikuwa imekwisha shika, nikaiachia; Mundhir sikumwambia. Msichana wa mbele alikuwa mwepesi. Alikipata kishubaka, akageuka, akayagusa maji akapiga ukelele, akaingia kwenye mitende. Akaupanda wa kwanza mpaka juu, akashika dodoki, akaridhika. Akaupanda wa pili. Akaupanda wa tatu, na juu yake akakuta kitu cha moto, chenye mifupa, akakipapasa huku na huku. Mundhir hakuthubutu kukiondoa.

"Bi Zuwena, hii nini hapa? Ina pete."

Bi Zuwena akanyoosha mkono, akakigusa kile kidole mara moja tu.

"Hiyo haimo katika hara," akasema. "Pita."